Kwaya ya Chumba cha Kukunjia

Chumba cha kukunjia, hospitalini
11 Februari

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkeo, na huyo mjukuu wangu ambaye naambiwa ameanza kutembea kwa kushikilia meza. Mshikeni na meza pia, isije ikamwangukia. Sisi huku hatujambo. Baba yako mdogo mgongo umemrudia, lakini mdomo haujamwacha, kwa hiyo tunajua yuko hai. Mama yako ameng'olewa jino na sasa anasema hawezi chakula kigumu, halafu ukigeuka unamkuta anatafuna. Dada yangu huyo, tangu utoto wetu ni hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unasema "sawa, sawa" kabla sijamaliza sentensi. Barua huwezi kuikatiza.

Nije kwenye jambo lenyewe. Ulipokuja mwezi wa kumi na mbili ulituambia mbele ya watu, tena ukiwa umesimama, kwamba kwaya yetu itaimba chuoni kwenu, na kwamba kila tamasha la idara yenu linarekodiwa na kuwekwa maktaba, hata baada ya miaka hamsini mtu ataomba na kusikiliza. Wenzangu hawajalala vizuri tangu siku hiyo. Sasa nataka tarehe.

Nakuuliza kwa haraka kwa sababu Metroni ametuita. Inakuja mashine ya kukunja. Unailisha shuka upande huu, inalitoa upande wa pili limekunjwa, kama lilizaliwa hivyo. Ikishasimikwa, chumba chetu kinafungwa na sisi kumi na wawili tunagawanywa idara nyingine. Kazi hatukosi, hilo nashukuru. Lakini kwaya itakuwa imekwisha. Nimeimba na watu hawa miaka ishirini na sita, na hakuna mahali popote sauti yetu ilipohifadhiwa. Nataka tunaswe mara moja tu, vizuri, kabla hatujatawanywa. Sikuombi kingine.

Hao wenzako hawatujui, kwa hiyo waeleze hivi. Sisi hatuna mwongozaji wa kusimama mbele na kupunga mikono. Tunasimama wawili wawili, kila wawili na shuka lao. Mashuka sita yanakung'utwa kwa pamoja, pa! na hapo ndipo wimbo unapoanza. Tukivuta, sauti ya kwanza inapanda. Tukikutana katikati, sauti ya pili inaingia, maana hapo ndipo tunaonana midomo. Wewe unalijua hili kuliko mtu yeyote, umelala juu ya mablanketi yetu kila siku ukitoka shule mpaka ukaota ndevu. Waambie tunahitaji jukwaa la hatua kumi na mbili kwa upana. Mashuka tutakuja nayo.

Mama yako mdogo


Idara ya Muziki
2 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimefurahi kusikia mnaendelea vizuri. Mpe pole Baba Mdogo, na Mama mwambie nimesikia habari za kutafuna. Mtoto sasa ameacha meza, anavuta nguo za watu. Mkwe wako anakusalimu sana.

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa nimebanwa mpaka shingoni. Mimi ndiye ninayepanga ratiba ya muhula, yaani matamasha, mihadhara na warsha zote, naichapa, naibandika kwenye ubao, halafu Profesa, mkuu wetu wa idara, anapita na kikombe chake cha chai, anaisoma, na anabadilisha vitu vitatu. Wiki iliyopita tulikuwa na mhadhara kuhusu ukimya katika muziki. Walikuja wasikilizaji wawili, na mmoja alikuwa fundi aliyekuja kutengeneza feni. Fundi aliuliza swali zuri kuliko wote. Wiki hii tuna mgeni wa kupiga piano na kitufe kimoja cha piano kimeganda, ukikibonyeza hakirudi. Nimeandika barua tatu kuomba fundi. Nimejibiwa kwamba barua zangu zimepokelewa.

Kuhusu kwaya: mmo kwenye orodha. Tamasha la Ufunguzi, Jumamosi tarehe 18 Aprili, ukumbi mkubwa, nafasi ya nne. Nimejaza fomu mwenyewe. Ndiyo, linarekodiwa.

Kuhusu mashuka, tutazungumza.

Mwanao


Chumba cha kukunjia
14 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zenu zote zimefika. Baba yako mdogo ameinuka, anatembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Mama yako nimemsomea barua yako, akanuna siku nzima kwa ile habari ya kutafuna, akidai nimemchongea.

Nilipowasomea wenzangu "nafasi ya nne, ukumbi mkubwa", Besi alikaa chini juu ya kikapu cha foronya. Unamkumbuka Besi, mama yule mnene mwenye sauti ya kutikisa vikombe. Alikaa, akasema, "Nafasi ya nne kati ya ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema hata kama ni kati ya nne, sawa. Tumeamua kuvaa aproni zetu za kijani, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mrefu na Mfupi wamegombana kuhusu nani atasimama mbele, ilhali wao wawili hukunja shuka moja miaka yote na lazima wasimame uso kwa uso. Ndiyo akili za watu wakiwa na furaha.

Watu wa mashine walikuja kupima mlango wa chumba cha kufulia. Haipiti, wakasema watabomoa ukuta kidogo.

Sasa wewe mwenzetu umeandika "kuhusu mashuka, tutazungumza". Tuzungumze. Kuna nini cha kuzungumza? Kama ni usafi, mashuka yetu yanachemshwa kuliko shati la Profesa. Niandikie.

Mama yako mdogo


Idara ya Muziki
9 Aprili

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumai hamjambo nyote. Sisi tuko salama isipokuwa mtoto ana mafua na ametugawia.

Nina habari isiyopendeza. Mvua ya wiki iliyopita imeingia ukumbi mkubwa. Paa limevuja juu ya jukwaa, na maji yamekaa ndani ya piano ile ile yenye kitufe kilichoganda. Sasa vimeganda vitufe kumi na kimoja. Tamasha la Ufunguzi limeahirishwa hadi Jumamosi tarehe 6 Juni. Najua mmejiandaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachapa ratiba mia tatu, na nimezipiga muhuri wa "imeahirishwa" moja baada ya nyingine mpaka kiganja kikavimba.

Kuhusu mashuka: kuna kanuni ya ukumbi. Jukwaani haviruhusiwi vitu ambavyo si ala za muziki. Ni mambo ya usalama. Nadhani mnaweza kuimba vizuri tu mikono ikiwa mitupu, nyimbo mnazijua kwa moyo. Simameni mistari miwili, mfupi mbele, mrefu nyuma, itapendeza hata machoni.

Mwanao


Chumba cha kukunjia
20 Aprili

Mwanangu,

Mpeni mtoto maji ya uvuguvugu na mumpunguzie nguo, ninyi watu wa chuo mnamfunga mtoto kama mzigo wa safari. Huku wote wazima.

Tumejaribu ulivyosema. Ijumaa baada ya kazi tulijipanga mistari miwili, mikono mitupu. Mwanangu, ilikuwa aibu. Mikono haikujua iende wapi. Mfupi alijikuta anakung'uta aproni yake. Nani aanze? Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake, na tulipoanza tulianza kama watu wanaoteremka ngazi gizani. Besi aliingia mapema, akakasirika, akatoka nje. Hatujawahi kuimba vibaya hivyo, hata mwaka ule wa kipindupindu tulipokuwa tunakunja huku tumesinzia.

Kanuni hiyo imeandikwa na nani? Muulize, shuka likikung'utwa kwa mapigo si ala ni nini? Ngoma ni ngozi ya mnyama aliyekufa, na inaruhusiwa. Nenda kwa Profesa umwambie kwa maneno yangu haya haya. Kama wewe unaogopa, nipe anwani yake nimwandikie mwenyewe.

Na sikiliza vizuri. Metroni ametaja siku. Chumba kinafungwa Jumanne tarehe 30 Juni. Tarehe 6 Juni bado tutakuwepo, lakini baada ya hapo hakuna nafasi ya kupigwa danadana tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeanza.

Mama yako mdogo


Idara ya Muziki
28 Mei

Shikamoo Mama Mdogo,

Poleni na kazi. Nimekaa na barua yako muda mrefu, nisamehe. Kila nikishika kalamu kuna mtu anaingia mlangoni na kiti kilichovunjika.

Kwa kifupi: okestra ya wageni imekubali kuja tarehe 6 Juni na inahitaji saa mbili nzima, kwa hiyo vikundi vyote vya nje vimeondolewa kwenye tamasha hilo. Lakini nimewapatia nafasi nyingine, tena peke yenu. Ijumaa tarehe 12 Juni, saa sita mchana, Warsha ya Uongozaji Kwaya. Wanafunzi wa mwaka wa tatu watajifunza kuongoza, na ninyi ndio mtakuwa kwaya. Inarekodiwa pia. Chumba ni kidogo kuliko ukumbi lakini sauti inakaa vizuri. Hospitali itawapa gari? Njooni na aproni.

Kanuni ya mashuka iko pale pale.

Mwanao


Nyumbani
15 Juni

Mwanangu,

Tulifika salama saa mbili za usiku. Mama yako alikuwa amengoja na chai. Aliniuliza mmeimba vipi, nikamwambia ninaumwa kichwa. Baba yako mdogo hakuuliza, aliniangalia tu akaenda kunitilia maji ya kuoga.

Nitakuandikia ilivyokuwa, maana wewe ulikuwepo lakini ulisimama mlangoni ukitazama karatasi yako muda wote, sidhani kama uliona.

Tuliondoka alfajiri. Saa nne za safari ndani ya gari la kubebea nguo za wodi, na njia nzima wenzangu wanacheka. Mrefu alikuwa amesuka. Tukaingia kile chumba, tukapangwa mistari miwili na mwalimu asiyetujua. Akaja binti mmoja wa miwani, mpole, na kijiti chembamba. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne, akakishusha. Sisi kimya. Hatukumgomea. Tulikuwa tunangoja mlio wa shuka. Akahesabu tena. Safari hii waliingia wawili, wakanyamaza kwa kuona wako peke yao. Mara ya tatu tuliingia sote, kila mtu kwa mlango wake. Binti wa watu akawa na machozi, akidhani kosa ni lake. Wakaja wengine watatu na vijiti vyao, na mambo yakazidi kuharibika. Mwisho Profesa akasimama, akasema kwa upole, "Asanteni sana akina mama. Safari nyingine mtakuwa mmejiandaa zaidi." Wanafunzi wakapiga makofi yale ya kumbembeleza mtoto aliyeanguka.

Kujiandaa! Miaka ishirini na sita, mwanangu. Na hicho ndicho kilichonaswa. Hicho ndicho kitakaa maktaba miaka hamsini.

Kurudi hakuna aliyecheka. Besi aliweka aproni yake usoni akajifanya amelala.

Lakini kuna jambo lingine. Wenzangu walipokuwa wanakunywa maji, mimi nilikwenda kuangalia huo ukumbi mkubwa, angalau niuone. Nilimkuta mzee anayeutunza anafagia. Nikamuuliza kwa heshima, hivi ni nani aliyeweka kanuni ya kukataza vitu jukwaani. Akaniangalia. Akasema, "Mama, mwezi uliopita mtu alipanda hapa na ndoo nne za maji na gurudumu la baiskeli, akaliita tamasha. Nilipiga deki siku mbili. Ingekuwepo kanuni mimi ningekuwa wa kwanza kuishangilia."

Sikukuuliza palepale mbele ya watu wako. Nakuuliza sasa. Nieleze mwenyewe, kwa mkono wako. Njia nzima kuna msemo mmoja ulinikaa kichwani na sikuweza kuutoa: mkataa kwao mtumwa. Sikuandikii kukutukana. Nakuandikia kwa sababu msemo huo umenikaa.

Siku ya mwisho ni Jumanne tarehe 30, tunaanza saa nane mchana. Mashuka yatakuwepo yote. Njoo na kinasa sauti.

Mama yako mdogo


Nyumbani kwangu
24 Juni

Shikamoo Mama Mdogo,

Barua hii siiandikii ofisini. Nimeanza mara nne, na mke wangu amesema nisipoiweka kwenye bahasha leo ataipeleka posta mwenyewe ilivyo.

Hakuna kanuni. Haijawahi kuwepo. Sikumuuliza Profesa, wala mtu yeyote. Kwenye ile fomu kuna sehemu ya "vifaa". Niliandika "mashuka sita", nikayaangalia maneno hayo, nikayafuta kwa wino mweupe, nikaandika "hakuna". Wino ulipokauka maneno yalikuwa bado yanaonekana kwa chini, nikaongeza wino.

Sijui nikuelezeje uelewe. Wiki yangu ya kwanza chuoni, nikiwa mwanafunzi, mwalimu alituzungusha akituuliza kila mmoja alijifunzia wapi kuimba. Mmoja akasema piano ya baba yake. Mwingine akasema mwalimu wa nyumbani. Mimi nikasema kwaya ya shule. Shule yetu haikuwa na kwaya, Mama Mdogo, unajua. Tangu siku hiyo sijawahi kuirudisha kauli yangu. Hapa kazini wanajua nililelewa na mama mdogo "wa idara ya afya". Nilipofikiria ninyi mnapanda jukwaani na mashuka ya hospitali, yale yenye muhuri mwekundu pembeni, niliona watu wanacheka. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna niliyemwambia. Niliwacheka mimi, kwa niaba yao.

Paa lilivuja kweli. Lakini ile warsha niliwaweka mimi. Profesa alitaka kwaya ya kujifunzia wanafunzi, nikaona huko hakuna atakayeuliza mnaimbaje. Nilidhani mtaimba tu. Nilikuwa nimesahau kwamba wimbo unaanza kwenye shuka. Au sikusahau, nilitaka iwe si kweli. Nilipoona Besi anatazama mikono yake nilitaka kuingia ndani niseme, nikarudi kutazama karatasi yangu.

Naona haya na najichukia. Mficha uchi hazai, ulikuwa unaniambia nikificha madaftari yenye makosa. Nitamwambia Profesa kila kitu. Na nitakuja, Mama Mdogo, nikuombe radhi uso kwa uso na niwaombe radhi wote.

Wiki ijayo tunafunga muhula, wageni wanaingia Jumatatu, na kama kawaida kila kitu kimeniangukia mimi.

Mwanao


Idara ya Muziki
19 Julai

Shikamoo Mama Mdogo,

Sijapata barua yako na najua kwa nini. Mtoto sasa anakimbia. Mama amenipigia, ameniambia hamjambo, nilipotaka kukuulizia akabadilisha mazungumzo akaanza habari za jino la pili.

Najua tarehe 30 ilipita. Nilikuwa nimepanga basi la saa kumi na mbili asubuhi, begi lilikuwa mlangoni na kinasa sauti ndani. Jumatatu jioni ikasemekana sanduku la mpiga fidla mgeni limepotea, na asubuhi bado halijaonekana, nikajisemea nitachukua basi la saa mbili. Halafu viti. Halafu Profesa. Ningeweza kumwachia mtu mwingine, wako watatu pale. Sikumwachia. Sina la kujitetea, nimejaribu kulitafuta na sijaliona.

Lakini naomba usome hili. Nilimweleza Profesa, kila kitu, hata wino mweupe. Nilidhani atanifukuza. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Kwa hiyo pale warshani tuliwanyang'anya ala zao?" Halafu akaniuliza mapigo yanakwendaje. Mama Mdogo, nilichukua kitambaa cha meza nikamwonyesha, yeye akashika pembe mbili, tukakunja kitambaa hicho katikati ya ofisi yake mara nne, naye akajaribu kuingia na sauti ya pili tukikutana. Hajui kuimba, lakini aliingia pale pale panapotakiwa. Akachukua ratiba ya muhula ujao na kuibadilisha mbele yangu, na kwa mara ya kwanza sikukasirika.

Ni hivi: Jumamosi tarehe 14 Novemba, ukumbi mkubwa, paa limetengenezwa, kwaya yenu peke yenu, saa nzima, pamoja na mashuka. Vinasa sauti sita, kimoja kwa kila shuka. Siku itakayotangulia kutakuwa na mhadhara, na Profesa anataka wewe ndiye uutoe, uwaeleze wanafunzi namna mnavyofanya. Ile rekodi ya warsha ameiondoa maktaba.

Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa tarehe 31 ili niipeleke ratiba kuchapwa. Pia naomba uniandikie mliimba nini siku ya mwisho na kwa mpangilio gani, tuanze na huo huo.

Mwanao anayekuomba radhi


Chumba cha kufulia
28 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu akianza kukimbia fungeni mlango wa jikoni. Mama yako jino la pili limetoka, sasa kweli hatafuni. Baba yako mdogo mzima, na amesema nikusalimu, nami nakufikishia.

Barua yako ya tarehe 24 niliipata mapema, Jumamosi, siku tatu kabla chumba hakijafungwa. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilikasirika, halafu nikalia, halafu nikakasirika upya kwa kuwa nimelia. Kisha nikaikunja, nikasema huyu ni mtoto wangu, amesema kwa mdomo wake, na ameandika atakuja. Nikawaambia wenzangu.

Mshukuru sana Profesa. Mwambie nimefurahi kusikia aliingia panapotakiwa, watu wengi huwahi. Lakini jibu ni hapana. Si hasira, nisingekuficha. Watu hawapo. Besi yuko getini, anawauliza wageni wanakwenda wodi gani kwa sauti ile ile na wagonjwa wanashtuka vitandani. Mrefu yuko stoo. Mfupi yuko jikoni, zamu ya alfajiri. Wawili wamehamishiwa hospitali nyingine, mmoja amestaafu akarudi kwao, wengine wako wodini na zamu zao. Nimejaribu wiki tatu kuwakusanya hata sita tu, tukae, tunywe chai. Mapumziko ya huyu ni kazi ya yule. Nilipata wanne, na wote wanne ni sauti ya kwanza. Mimi nimepewa mashine. Ndiyo mimi ninayeilisha. Inapiga kelele moja tu kutwa nzima, na nimejaribu kuimba nayo, haifuatiki.

Umeuliza siku ya mwisho ilikuwaje, na mimi nitakuambia, maana hakuna kwingine utakakoipata.

Tulianza saa nane. Nilikuwa nimewapanga karibu na dirisha ili wewe upate pa kusimama, na meza ndogo ya kuweka chombo chako. Sijui tulipatwa na nini siku ile. Labda kwa kuwa tulikuwa tumeaibika kule kwenu, kila mtu alikuwa na deni lake moyoni. Shuka la kwanza lilipolia nilijua. Besi hakuwahi wala hakuchelewa. Mrefu na Mfupi waliimba wakitazamana na machozi yanawatiririka na sauti haikutikisika. Kazi iliisha saa tisa. Hakuna aliyetaka kuondoka, kwa hiyo tukayakunjua mashuka yote tukayakunja upya, na tulipoyamaliza tukayakunjua tena. Wodi ya juu walifungua madirisha. Metroni alikuja kutuambia muda umekwisha, akasimama mlangoni, akabaki hapo mpaka saa kumi na mbili. Mimi nimewasikia watu wale miaka ishirini na sita, na hatukuwahi kufika pale. Niliangalia mlango mara nyingi nikapoteza hesabu.

Mfupi alikuwa ametoa simu yake tangu mwanzo, anataka kurekodi. Nikamkataza. Nikamwambia airudishe mfukoni, itatuharibia, mwanangu yuko njiani anakuja na kinasa sauti cha chuo.

Mama yako mdogo